PATISHENI ILIYOPOTEA: SHAMBA LIPO, RAMANI IMERARUKA

Mwaka huu nimepewa kurasa hizi niandike somo la tarakilishi kwa Kiswahili. Wapo wenzetu wanaodai ati mambo ya tarakilishi hayaelezeki kwa lugha yetu. Haya basi, na tuone.

Somo lenyewe ni hili. Tarakilishi imesasishwa mfumo wake wa uendeshaji, ikazimika, ikawaka tena. Unapofungua mahali unapoweka kazi zako, lo! Sehemu nzima ya diski haionekani. Utafanya nini? Tena la muhimu zaidi, ni nini hutakiwi kufanya?

Nimelichagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wamekuwa wakibadilisha mifumo ya tarakilishi zao kuukuu. Pili, chama chetu chenyewe kiliponea chupuchupu, kama nitakavyosimulia huko mbele.

1. PATISHENI NI NINI?

Ichukue diski kuu kama shamba. Shamba hili limekatwa vijiploti vidogo vidogo viitwavyo sekta, na kila sekta ina nambari yake, kuanzia sifuri hadi ya mwisho. Kwa kawaida sekta moja huhesabiwa kuwa na baiti 512. Mwenye shamba anaweza kuligawa: huku nyumba, kule mahindi, kule ng'ombe. Kila mgao wa diski ndio tunaouita patisheni. Katika Windows, mgao wenye mfumo wa uendeshaji hupewa herufi C, na mgao wa kazi za watu mara nyingi hupewa D.

Neno "patisheni" nimelitohoa. Mwalimu mlezi alipendekeza "kitengo" na mwenzangu mmoja akapendekeza "kigawanyo", lakini maneno hayo tayari yana kazi nyingine. Anayeweza kubuni neno bora zaidi na atuandikie.

Sasa, mipaka ya shamba hujulikanaje? Hujulikana kwa njia mbili. Kuna ramani iliyowekwa ofisini, na kuna mawe ya mpaka yaliyochimbiwa shambani. Diski nayo ni vivyo hivyo. Ramani yake huitwa jedwali la patisheni. Mawe yake ni alama ambazo kila patisheni huwa nazo mwanzoni, na wakati mwingine mwishoni. Shika sana tofauti hii, kwa maana somo zima limejengwa juu yake: ramani ikiraruka, mahindi hayang'oki.

2. RAMANI HUANDIKWAJE?

Ziko ramani za aina mbili.

Ya kwanza ni MBR, iliyokuja na mfumo wa PC DOS 2.0 mwaka wa 1983. Hukaa katika sekta ya kwanza kabisa, ile ya nambari sifuri. Katika baiti 512 za sekta hiyo, 446 ni za programu fupi ya kuwashia tarakilishi, 64 ni za jedwali, na 2 za mwisho ni sahihi. Jumlisha mwenyewe uone. Kila patisheni huandikiwa baiti 16 katika jedwali. Kwa hivyo nafasi ni 4 tu. Hebu fikiria: baiti 16 zikiharibika, patisheni yenye kazi za miaka kumi haionekani tena. Sentensi moja ya daftari ina baiti nyingi kuliko hizo!

Ya pili ni GPT, inayotumika katika tarakilishi nyingi za siku hizi. Hii kwa kawaida ina nafasi 128. Ubora wake ni kwamba huandikwa mara mbili, nakala moja mwanzoni mwa diski na nyingine mwishoni kabisa. Aidha, ina tarakimu za ukaguzi, yaani jumla maalum inayofichua kama maandishi yake yameguswa. Nakala ya mwanzo ikiharibika, ile ya mwisho yaweza kutumiwa kuirekebisha. Wahenga walisema akiba haiozi, na waliotunga GPT wakafuata.

3. SASISHO HUIPOTEZAJE?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu neno "imepotea" hutumiwa kwa mambo tofauti kabisa. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza: imepotea kwa namna gani?

(a) Imepoteza herufi tu. Patisheni ipo na ramani ni nzima, ila mfumo mpya haukuipa herufi. Huu ni ugonjwa mwepesi kuliko yote.

(b) Imefutika kwenye ramani. Masasisho makubwa wakati mwingine hupunguza patisheni ya mfumo na kutengeneza nyingine ndogo ya uokoaji. Hiyo ni kazi ya kuandika upya ramani. Kazi hiyo ikikatizwa, kwa mfano stima ikipotea, ramani yaweza kubaki na kasoro. Patisheni ya zamani huonyeshwa kama "nafasi tupu".

(c) Jiwe la mpaka limeharibika. Patisheni imo kwenye ramani lakini sekta yake ya kwanza haisomeki. Windows huiita RAW na kukuuliza kama ungependa kuiumbiza. Swali hilo ni mtego! Jibu ni hapana.

(d) Imefungwa kwa kufuli. Diski zilizosimbwa kwa BitLocker zaweza kudai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Mwezi wa Julai 2024 sasisho moja la Windows lilifanya baadhi ya tarakilishi kudai ufunguo huo zilipowashwa. Hapo hakuna kilichopotea ila ufunguo.

(e) Mfumo wa pili hauwaki. Mwezi wa Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizuia baadhi ya tarakilishi zenye mifumo miwili kuwasha Linux. Patisheni za Linux zilikuwapo zote. Mlango ndio uliofungwa.

(f) Faili ndizo zilizofutwa, si patisheni. Sasisho la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta faili za baadhi ya watu waliokuwa wamehamishia folda zao mahali pengine. Microsoft ililisimamisha siku chache baada ya kulitoa, ikalitoa tena tarehe 13 Novemba 2018. Kampuni hiyo ilisema walioripoti hasara walikuwa asilimia 0.01 hivi ya waliosakinisha. Ni wachache, ndiyo, lakini ukiwa mmoja wao asilimia haikufuti machozi.

4. KISA CHA DISKI YA CHAMA

Sasa niwape mfano hai. Mali ya chama chetu ilikuwa katika patisheni D ya tarakilishi moja ya maabara: matoleo ya jarida hili tangu mwaka wa 2011, mashairi ya wanachama, picha za tamasha, na rekodi 26 za wazee wa hapa kijijini wakieleza vitendawili, majina ya mimea na desturi za zamani. Jumatatu moja ya muhula wa pili, baada ya mfumo kujisasisha mwishoni mwa juma, D haikuwapo.

Uvumi ukaanza. Wengine walisema ni virusi. Wengine wakasema diski imekufa. Jumanne mtu fulani, ambaye hadi leo hajajitokeza, aliiona ile "nafasi tupu" akafurahi. Akakata patisheni mpya ya gigabaiti 8 pale mwanzoni mwake, akaiumbiza haraka na kutia filamu mbili. Jamani! Ni kama jirani aliyeona shamba halina ua, akaingiza jembe.

Jumatano mwalimu mlezi alimwita fundi wa maabara. Mwenzangu akauliza, "Mwalimu, si tuiumbize yote tuanze upya?"

Fundi akamtazama juu ya miwani. "Kijana, ukiona nyoka ameingia shimoni, utaziba shimo useme umemuua? Ngoja kwanza."

Aliizima tarakilishi, akaitoa diski, akaiunganisha na tarakilishi nyingine na kutengeneza nakala ya sekta kwa sekta. Diski yetu ni ya gigabaiti 500, na waya wetu ulikuwa ukipitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: 500,000 gawanya kwa 30 ni sekunde 16,667, yaani saa nne na dakika thelathini na minane. Tulikwenda kula chakula cha mchana, tukarudi, tukacheza kandanda, tukarudi tena.

Kisha akaanza kazi juu ya nakala, si juu ya diski yenyewe. Utafutaji wa haraka ulionyesha ile patisheni mpya ya filamu tu. Utafutaji wa kina ndio uliotuokoa. Patisheni zilizoumbizwa kwa NTFS huweka nakala ya sekta yao ya kwanza mwishoni kabisa mwa patisheni. Filamu zilikuwa zimelifukua jiwe la mwanzo, lakini jiwe la mwisho lilikuwa mahali pake, halijaguswa. Kutokana na jiwe hilo programu ilijua shamba lilianzia wapi na kuishia wapi. Fundi akairejesha ramani, akarudisha sekta ya kwanza kutoka kwenye nakala yake, na folda zetu zikajitokeza moja baada ya nyingine. Tulipiga makofi hadi mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni.

Hata hivyo hatukupata vyote. Filamu mbili zilikuwa zimechukua takriban gigabaiti moja na nusu, na chochote kilichokuwa chini yake kilifutika. Majina ya faili yalionekana, lakini rekodi 3 hazikuchezeka. Wazee wawili tuliwarudia, wakakubali kurekodiwa tena. Wa tatu alikuwa bibi aliyetueleza majina ya vyungu na kazi ya kila kimoja. Aliaga dunia kabla hatujarudi kwake. Jina la faili yake tunalo. Sauti yake hatuna.

Tazameni basi: sasisho lilituondolea ramani tu. Kilichotunyang'anya sauti ya bibi ni zile filamu mbili.

5. HATUA ZA UOKOAJI

Zifuate kwa mpangilio huu, wala usiruke hata moja.

Kwanza, acha. Usiumbize, usitengeneze patisheni mpya, usisakinishe programu yoyote kwenye diski hiyo. Ukiulizwa swali usilolielewa, kataa.

Pili, tazama bila kugusa. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika diskmgmt.msc. Utaona patisheni zote, hata zisizo na herufi. Ikiwa yako ipo na imekosa herufi tu, ipe herufi, na matanga yamekwisha.

Tatu, sikiliza. Diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga au kukwaruza, ugonjwa ni wa chombo na si wa ramani. Izime, ipeleke kwa mtaalamu. Kuilazimisha kusoma ni kumkimbiza mgonjwa aliyevunjika mguu.

Nne, tengeneza nakala ya sekta kwa sekta kwenye diski nyingine isiyopungua ile kwa ukubwa. Programu ya bure iitwayo GNU ddrescue hufanya kazi hii vizuri, hata kwa diski yenye sekta mbovu. Hakikisha mara mbili ni diski ipi inayonakiliwa na ni ipi inayopokea. Ukizigeuza, utakuwa umenakili utupu juu ya mali.

Tano, tumia TestDisk. Ni programu huria iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, na haiuzwi. Yenyewe ndiyo mpima ardhi wetu: hutembea shambani sekta kwa sekta ikitafuta mawe ya mpaka. Utachagua diski, kisha aina ya ramani, MBR au GPT. Kwa kawaida programu hukisia vyema yenyewe. Halafu utaiambia ichanganue na kutafuta haraka. Isipopata, iambie itafute kwa kina.

Sita, thibitisha. Patisheni ikionekana kwenye orodha, iteue na ubonyeze herufi P. Utaona faili zilizomo. Ukiyaona majina unayoyafahamu, shukuru Mungu. Usipoyaona, usiandike chochote kwenye ramani.

Saba, toa faili kwanza. TestDisk yaweza kunakili faili kutoka patisheni iliyopotea kabla ya kurejesha ramani. Ziweke kwenye diski nyingine. Mkono wako ukishashika mali, hata ramani ikikataa kurudi huna cha kulilia.

Nane, sasa ndipo uandike ramani na kuwasha upya.

Tisa, yote yakishindikana, liko jembe la mwisho: PhotoRec, ndugu yake TestDisk. Hii haijali ramani wala mawe. Hupita ikitambua faili kwa sura zao: picha huanza hivi, sauti huanza vile. Itakurudishia faili nyingi lakini bila majina yake ya asili wala folda zake. Utakuwa na kazi ya kuzifungua moja moja. Kumbuka kuzihifadhi kwenye diski tofauti.

6. PASIPO NA TIBA

Ningekuwa mwongo nikisema kila kitu hurudi. Kilichoandikiwa juu yake hakirudi, kama tulivyojionea. Uumbizaji wa haraka huacha sehemu kubwa ya data mahali pake, lakini ule kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kote. Diski za SSD nazo zina tabia yake: patisheni ikiumbizwa au faili zikifutwa, mfumo huiarifu diski kwamba nafasi hiyo haitakiwi tena, nayo diski huweza kuisafisha yenyewe kimyakimya. Kwa hivyo kwenye SSD muda si rafiki. Na diski iliyosimbwa, ufunguo ukipotea, hata mpima ardhi bora atapata mawe na kukuta ndani kumefungwa.

7. KINGA

Kabla ya sasisho kubwa, fanya mambo manne. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Diski iliyochomekwa nayo huweza kuguswa. Ukiwa na BitLocker, andika ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uuweke penye usalama. Piga picha au chora patisheni zako na ukubwa wake; mchoro huo utamsaidia fundi kujua anachotafuta. Mwisho, hakikisha stima haitapotea katikati, au betri imejaa.

Tena fahamu kwamba D si nakala ya akiba ya C. Zote mbili ni diski ile ile moja. Kuhamisha kazi kutoka C hadi D ukadhani umeihifadhi ni kuhamisha mayai kutoka upande huu wa kikapu hadi upande ule. Chama chetu sasa kina nakala tatu: ya maabara, ya diski ya nje iliyo katika kabati la mwalimu mlezi, na ya mtandaoni. Kila mwisho wa mwezi katibu huzifungua na kuzisikiliza, kwani nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu.

MSAMIATI

Diski kuu: chombo kinachohifadhi data ndani ya tarakilishi.
Jedwali la patisheni: orodha inayoonyesha kila patisheni huanzia na kuishia wapi.
Kuumbiza: kuitayarisha patisheni ipokee faili upya.
Kusasisha: kuutia mfumo au programu mabadiliko mapya.
Kusimba: kugeuza data isisomeke bila ufunguo.
Nakala ya akiba: nakala iliyowekwa mahali pengine kwa ajili ya siku ya dhiki.

ZOEZI

1. Ramani ya MBR huhesabu sekta kwa nambari ya biti 32. Ikiwa sekta moja ina baiti 512, diski isizidi ukubwa gani ili yote iweze kutumika?
2. Kila nafasi katika GPT ina baiti 128, na nafasi ni 128. Jedwali zima hujaza sekta ngapi?
3. Rafiki yako anakwambia, "Diski inaniuliza kama niiumbize, nami nina picha za harusi ya dada humo." Mwandikie barua fupi ya kumshauri.
4. Buni neno la Kiswahili badala ya "patisheni", na ulitetee kwa hoja mbili.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza: takriban baiti trilioni 2.2, sekta 32. La tatu na la nne yaleteni kwenye mkutano wa chama siku ya Alhamisi.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Kabla hujafungua ukurasa unaofuata, jiulize: kazi zako ziko mahali pangapi? Ukijibu "pamoja tu", nenda sasa hivi.